Fundo la Kukamulia

Nikiingia saiti sisalimii kwanza. Najua ni utovu wa adabu, hasa kwetu Mara ambako salamu ina nafasi yake na haitaki kuharakishwa. Mzee mmoja wa Bunda aliwahi kuniambia usoni kwamba nimelelewa na fisi. Lakini macho yangu hayasubiri adabu. Yanaanzia chini, kwenye miguu ya watu, yanapita kwenye mbao zilizolazwa, yanapanda nguzo za jukwaa, na yakishafika juu ndipo mdomo unakumbuka habari za asubuhi. Kufikia hapo nimeshajua nani amekuja na ndala, ubao upi una msumari uliotazama juu, na nani amerundika udongo kwenye ukingo wa shimo ambalo yeye mwenyewe yumo ndani yake anachimba.

Mimi ni msimamizi wa ujenzi. Naishi Kitaji, mjini Musoma, na kazi zangu zimetawanyika kuanzia hapo mpaka Bunda na vijiji vya katikati. Nilianza kwa kubeba maji na karai za zege, kama wanawake wengi wanavyoanza, kisha nikaenda chuo cha ufundi, nikarudi na cheti pamoja na hasira za karibu. Cheti kiko kabatini. Hasira natembea nazo.

Watu hudhani hatari za saiti ni nyingi mno kuzijua zote. Si kweli. Ni zilezile, zinahama tu kutoka kiwanja hiki kwenda kile. Musoma kuna upepo wa ziwa, basi mimi bati sipandishi mchana, kwa sababu bati likikamatwa na upepo ule halimchagui mtu. Vilimani kuna majabali, basi ngazi haiegeshwi juu ya jiwe la mviringo hata fundi aapie kwa mama yake. Bunda niliwahi kukuta waya wa mashine ya zege umeungwa kwa mfuko wa nailoni, na kiungio kimelala kwenye dimbwi, vijana wanaruka juu yake huku wakicheka. Nikauchomoa ukutani bila kumwambia mtu. Mwenye nyumba alinijia juu. Nilipomweleza, akatoa ile methali wanayoitoa wote.

"Mama, ajali haina kinga."

Methali hiyo naichukia. Mvua nayo hakuna aliyewahi kuizuia, na bado tunaezeka. Ajali nilizoziona mimi, karibu zote zilikuwa zimekaa mahali peupe tangu asubuhi, zinatusubiri tumalize chai. Nilimwambia hivyo, na tulishinda tumenuniana, lakini waya haukurudi ukutani mpaka ulipoungwa vizuri na kutundikwa juu ya miti.

Kuna swali langu moja ambalo vijana hulishangaa. Nikikuta mtu kanifungia jukwaa, simuulizi alisomea wapi. Namuuliza, "Kwenu mnafuga?" Wengine hutabasamu, wakidhani nina binti nyumbani na nimeanza kuhesabu mahari. Akiniambia ndiyo, wanafuga, namwambia anionyeshe fundo alilofunga, alifungue na kulifunga tena mbele yangu. Swali hilo nililiokota Butiama, nyumbani kwa baba yangu, na lilinigharimu hofu ambayo sijawahi kuipata kwenye jengo la mtu mwingine yeyote.

Baba anakaa upande wa Mwitongo. Sisi wanawe tulikubaliana kumjengea yeye na mama nyumba ya matofali ya kuchoma, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na nyufa ambazo mijusi waliziona kama barabara. Kazi niliichukua mimi. Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa lipu, mzuri kwelikweli, mkono wake ukipita ukutani hutahitaji kuuliza nani kapita hapo. Shemeji yetu, mume wa mdogo wetu wa kike wa mwisho, mkulima wa pamba kutoka Bunda, alikuja kutusaidia kuchanganya na kubeba, kama mkwe mwenye adabu anavyotakiwa kufanya kwa baba mkwe wake. Mama alipika. Kila mtu alikuwa na kazi yake isipokuwa baba.

Tulimfukuza kila alipogusa kitu. Akishika chepeo, mdogo wangu anamnyang'anya kwa heshima. Akiinama kuokota tofali, mimi namwambia, baba pumzika, umefanya kazi ya kutosha. Tulidhani ni mapenzi. Siku moja alikaa kwenye kigoda chake karibu na zizi, akatutazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Nyinyi mnanijengea kama watu wanaochimba kaburi. Mwenyewe tu ndiye haruhusiwagi kushika jembe."

Tulicheka, yeye hakucheka.

Baba alikuwa mtu wa ng'ombe maisha yake yote. Kundi lilikuwa limepungua, umri nao ulikuwa umeongezeka, lakini walikuwa wamebaki ng'ombe wa maziwa ambao aliwakamua kwa mikono yake kila alfajiri. Kamba zake alizitundika ukutani kwa mpangilio, kila moja imekunjwa vilevile, na ole wako uazime moja bila kuomba. Mimi ndiye niliyejifunza kukamua kwake, kwa sababu ni mtoto wa kwanza. Mdogo wangu hakupata bahati hiyo. Nilimchukua nikaenda naye Musoma akiwa bado hajabadili meno, akakulia kwangu, akisoma na kucheza kwenye vumbi la Kitaji. Ng'ombe yeye anawajua kwa supu.

Nyumba ilikuwa imeshaezekwa, imebaki lipu ya nje kwenye gebo, ile pembe ya ukuta inayopanda mpaka chini ya paa. Hapo ndipo jukwaa refu lilipohitajika. Siku hiyo nilikuwa Bunda kwenye zege la watu wengine, nikampigia simu mdogo wangu. Nilimwambia asimamishe jukwaa kwa ile miti mipya ya mirunda, agongelee misumari mirefu, kila kiungio akizungushie waya, na asipande mtu yeyote mpaka nifike kesho yake nilikague.

"Sawa dada," akasema.

Naijua "sawa" ya fundi. Ina maana amesikia, hakuna zaidi.

Kesho yake nilipofika, kabla hata sijaiona nyumba, niliisikia lipu ikirushwa ukutani, pwa, pwa, pwa. Alikuwa ameshapanda. Damu ilinichemka, nikatembea upesi huku nikipanga maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya kuondoa ngozi. Mama alinisalimia kutoka jikoni, sikumwitikia. Nilipita kwa shemeji aliyekuwa akichanganya, nikaona amevaa gambuti, vizuri. Mchanga haujarundikwa njiani, vizuri. Ngazi imefungwa juu na chini, vizuri. Nguzo za jukwaa zimechimbiwa, zimekazwa kwa mawe, zimesimama wima. Mbao zimepishana sawasawa. Hasira ilianza kupungua. Jukwaa lilikuwa zuri, nasema ukweli, nikaanza kuwaza kwamba labda huyu kijana amekua.

Kisha nikaona kamba.

Hapakuwa na msumari wala waya. Kila mahali ambapo mti wa mlalo ulikutana na nguzo, palifungwa kamba ya katani, nadhifu, imekazwa, na kutoka kila fundo ulining'inia mkia wa urefu mmoja. Nililitambua fundo kabla sijajiambia kwamba nimelitambua. Mikono yangu ndiyo iliyolijua.

Ng'ombe wa kienyeji ukimkamua unamfunga miguu ya nyuma, asije akapiga teke akamwaga maziwa. Fundo lake linashika kuliko mengi. Ng'ombe akivuta linakaza, akivuta zaidi linakaza zaidi. Lakini mkia wa kamba unaachwa upande wa mkamuaji, na ukiuvuta huo mara moja tu, hata kwa vidole viwili, fundo lote linaachia. Lazima liwe hivyo. Ng'ombe akianguka hali amefungwa anaweza kujivunja mguu au kukulalia, huna muda wa kuanza kuhangaika na kamba. Kwa kazi yake ni fundo bora duniani. Alinifundisha baba, kabla sijaanza shule, akiwa amechuchumaa nyuma yangu na mikono yake juu ya mikono yangu.

Na sasa mdogo wangu alikuwa amesimama juu ya mafundo hayo, na ndoo ya lipu pembeni yake, akiimba.

Hayo peke yake yangetosha. Lakini chini ya jukwaa, kwenye kona ya karibu, alikuwepo ndama. Kamba za kukamulia hulowa maziwa na jasho kila siku mpaka zinakolea, na ndama anajua harufu hiyo kuliko jina lake. Alikuwa ameushika mkia wa kamba mdomoni, ananyonya, macho yamelegea, na kila aliponyonya kamba ilivutika kidogo.

Niliogopa. Nimesimamia magorofa, nimeona kuta zikilala, sijawahi kuogopa namna ile. Na kila kitu ambacho mwili wangu ulitaka kukifanya kilikuwa kibaya. Nikipiga kelele, mdogo wangu angeshtuka na kugeuka, na mtu aliye juu hashtuliwi. Hilo ni la kwanza ninalowafundisha vijana wangu. Nikimfukuza ndama, angeruka na kamba mdomoni. Nikiivuta kamba kutoka kwake, ningekuwa nimelivuta fundo kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilimwendea ndama taratibu, nikimwita kwa ule ulimi tunaowagongea nyumbani, na nikampa vidole. Ndama wa kunyonya ukimpa vidole anakuamini. Nilivipenyeza pembeni mwa mdomo wake, akavionja, akaiachia kamba, akaanza kuninyonya mimi. Mkono wa pili nikaupandisha nikalifunika fundo na mkia wake pamoja. Nikasimama hivyo, mwanamke mzima mwenye kofia ngumu, ndama huku, fundo kule, nikapata sauti yangu ya kawaida.

"Mdogo wangu, habari za asubuhi."

"Eh! Dada! Leo umesalimia?"

"Nimesalimia. Weka mwiko chini. Kaa kwenye ubao, katikati, usitembee."

"Lipu inakauka, dada."

"Ikauke."

Alikaa. Alijua kwamba sauti yangu ikishuka ni hatari kuliko ikipanda. Shemeji alikuja, akaona mikono yangu ilipo, akataka kuuliza. Nilimnong'oneza ampeleke ndama mbali, kisha alete mirunda miwili iliyobaki, ile minene. Hakuuliza tena. Alimbeba ndama begani kama gunia la pamba.

Baba alitoka zizini wakati huo. Aliona kazi imesimama, mwanawe amekaa juu kama kuku, na mimi nimeshika jukwaa kama polisi aliyekamata mwizi.

"Nani amesimamisha kazi?"

"Mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa nini?"

Macho yake yalikwenda kwenye mkono wangu, kwenye fundo, na nikaona uso wake ukifunguka kwa furaha. Alidhani nalistaajabia.

"Umeiona hiyo kazi, mama?" Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Kijana alitaka kupigilia misumari mirunda mipya aharibu. Nikamwambia kaa pembeni. Hii nimefunga mwenyewe, jana yote mpaka jua linazama. Peke yangu."

Shemeji alikuwa amerudi na mirunda, amesimama nyuma ya baba. Nilielewa kila kitu. Mdogo wangu hakuwa mzembe. Baba yake alikuwa amekuja na kamba zake, baada ya miezi ya kufukuzwa kama mgeni, akasema hii naifanya mimi, na kijana hakuwa na moyo wa kumkatalia. Na mimi je, ningekuwa nao?

Nisieleweke vibaya. Aibu ya mzee na mguu wa mdogo wangu, hapo mimi sina cha kuchagua. Nimewaaibisha wazee wengi mchana kweupe na nikalala usingizi. Tatizo lilikuwa lingine. Pale si saiti yangu, pale ni kwa baba. Nikimwambia mbele ya mkwe wake kwamba alichofunga ni mtego, angekasirika, na hasira zangu hizi sikuziokota njiani, nimezirithi kwake. Angemwita mura, kama vijana wanavyoitwa kwetu, angesema endelea na kazi, usimsikilize dada yako. Na mdogo wangu angesimama aendelee, kwa sababu kwa baba yake yuko tayari kufa kuliko kubisha. Angetembea juu ya mbao zile kwenda kuchukua mwiko. Nilihitaji baba aone mwenyewe, na aone upesi.

"Ni nzuri baba. Ni ile ya kukamulia, sivyo?"

"Ndiyo hiyohiyo. Hii fundo imeshikaga fahali, itashindwa na huyu mwembamba?"

"Haiwezi kushindwa. Hebu nikumbushe kitu. Ukiwa unakamua, ng'ombe akaanguka na kamba miguuni, unafanyaje?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi.

"Umesahau? Mji umekuharibu. Navuta mkia tu, kamba yote inaachia, anakuwa huru."

Na alipokuwa akisema hivyo, mkono wake uliinuka wenyewe. Si kwamba alitaka kuvuta. Ni mkono uliovuta mkia ule kila alfajiri tangu ujana wake, na ulipopata neno lake ulikwenda kwenye kazi yake. Vidole vyake vilinifikia, vikaushika mkia wa kamba chini kidogo ya kiganja changu. Mimi nikakaza kiganja juu ya fundo mpaka katani ikaniingia kwenye ngozi.

Hakuvuta. Mkono ulisimama hapo. Nikamwona akiitazama kamba, kisha akiufuata kwa macho mti wa mlalo, kisha akiinua kichwa taratibu. Katikati ya mbao mbili, juu kabisa ya kofia yake ya pama, zilionekana nyayo za viatu vya mwanawe.

Sijui baba aliona nini hapo. Kisha alifungua vidole kimoja kimoja, kama mtu anayeachia mkia wa nyoka, akausukuma mkono wangu pembeni, na akaikumbatia nguzo pamoja na fundo, kifua chake kikiwa juu ya kamba.

"Usisogee, baba," alimwambia mwanawe. Kwetu baba humwita mwanawe baba pia, lakini yeye hakuwa na mazoea hayo, kwake kijana alikuwa mura siku zote. "Usisogee kwanza."

Sasa nilikuwa kwenye kazi yangu, na kwenye kazi yangu huwa sitetemeki. Nilimwambia shemeji asimamishe mrunda mmoja chini ya mti wa mlalo, karibu na nguzo, nikaukaza chini kwa jiwe bapa. Wa pili tukausimamisha upande wa ngazi, mahali mdogo wangu atakapopita. Niliutikisa kila mmoja. Kisha nikamgeukia baba nikamwambia atoke chini ya jukwaa. Mtu hasimami chini ya mtu anayeshuka. Hata ofisa akija kukagua na suti yake namwondoa.

"Sitoki," akasema.

"Baba, ukibaki hapo nitakuwa na watu wawili wa kuwaogopea."

"Nimefunga mimi. Nitasimama mimi."

Kwa mtu mwingine yeyote ningepandisha sauti. Nilivua kofia yangu ngumu. Nilimvua na yeye pama lake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, nikamvika ya kwangu na kumfunga mkanda chini ya kidevu. Hakupinga. Alikuwa amefumba macho, amekaza mikono, nami nikasimama upande wa pili wa nguzo ileile, bega langu kwenye bega lake. Alikuwa ananuka maziwa.

"Sasa shuka," nikamwambia mdogo wangu. "Acha ndoo, acha kila kitu. Tambaa, usisimame. Ukifika kwenye ngazi, uso uelekee ukutani."

Hakuelewa kilichotokea, lakini alizisikia sauti zetu, akatambaa. Mbao zililia. Alipopita juu yetu nguzo iliingia chini kidogo, na baba alitoa mguno kama aliyebebeshwa gunia. Vumbi la lipu kavu lilitudondokea usoni. Kisha viatu vikagusa ngazi, na ngazi ikaanza kutoa ule mlio wake wa kawaida, hatua kwa hatua, mpaka akasimama ardhini akijipangusa mikono kwenye suruali.

"Kuna nini?" akauliza. "Mbona mmefanana na watu wa msibani?"

Shemeji alitazama chini. Huyu alikuwa amekwisha kuelewa. Wakulima wa pamba nao wanafuga. Mimi nilifungua mdomo nipate namna ya kulisema ambayo ingembakizia mzee heshima yake mbele ya mkwe. Baba alinitangulia.

"Nilikufunga kama ng'ombe," akasema. Alikuwa bado ameikumbatia nguzo, tulilazimika kumwambia aiachie. "Jukwaa yote hii nimeifunga na fundo ya kuachia. Dada yako ameiona. Mimi nimeshinda hapa jana nzima, sijaiona."

Mdogo wangu, ambaye hajui kukamua, alicheka kidogo. Alidhani mzee anatia chumvi. "Mbona ilikuwa imekaza, baba? Nimeitikisa mwenyewe kabla ya kupanda. Nimening'inia hapo kwa uzito wangu wote."

"Ingekaza," nikasema. "Hata ungepandisha ng'ombe wawili."

Hakuamini, niliona machoni mwake. Na fundi asiyeamini kesho atapanda tena. Basi niliwatoa watu wote pale. Nilimtoa mama jikoni, kwa sababu jiko lilikuwa karibu, nikawapeleka hadi nyuma ya zizi. Shemeji alikwenda kwenye kona nyingine ya jukwaa, ambayo hatukuwa tumeiegemeza na kitu, akaufunga mkia wa fundo lake kwenye kamba ndefu, akaivuta kamba hiyo mpaka tulipokuwa, taratibu, ikiwa imelegea. Nilinyosha mkono niipokee. Baba aliipokea yeye.

Mdogo wangu alisimama kando yake. Baba alimshika mkono kwanza, wa kushoto, kisha kwa mkono wake wa kulia akaivuta kamba. Hakuivuta kwa nguvu. Aliivuta kama anavyoivuta kila alfajiri.

Mti wa mlalo ulidondoka upande mmoja. Mbao ziliteleza nao, zikapigana, zikafika chini moja baada ya nyingine. Ndoo ya lipu ilibaki hewani kidogo, ikageuka, ikapasukia kwenye jiwe lililokuwa chini ya mahali pale alipokuwa akiimba. Mwiko ulianguka mwisho. Mama alisema neno moja la kikwetu ambalo wanawake hulisema msibani, kisha akajiziba mdomo.

Mdogo wangu ni mtu mzima mwenye ndevu na watoto. Alikaa chini kwenye samadi. Baba alikaa chini pamoja naye, na kofia yangu ngumu bado kichwani, na ule mkono hakuuachia.